Hita ya Land Rover Kuukuu na Mshahara wa Dereva

Mtu wa Kasese akisikia habari za hita ya gari atacheka, maana jua la hapa latosha. Lakini dereva anayetoka Bwera alfajiri, mvua inanyesha, watu tisa wamo ndani na nguo zimelowa, anajua ya kuwa kioo cha mbele huziba ukungu upesi. Feni ya hita ndiyo inayopuliza kioo hicho. Ikifa, dereva hufuta kwa leso huku ameshika usukani kwa mkono mmoja, na mbele yake malori ya Mpondwe yanakuja.

Tulipata kesi ya dereva wa mahali fulani pa kazi. Waya ziliungua nyuma ya dashibodi. Mkubwa wake akaandika barua: uzembe, akatwe mshahara miezi mitatu. Tulikwenda na fundi, tukafungua.

Umeme hutoka kwenye betri ya volti 12, hupita swichi ya ufunguo, fyuzi, swichi ya feni, halafu mota, ukarudi betri kwa njia ya bodi ya gari. Katika magari ya Kiingereza ya zamani waya zinazotoka fyuzi ni za kijani, na ya kwenda bodi ni nyeusi. Swichi ikiwekwa kwenye kasi, mota hupata umeme wote. Ikiwekwa polepole, umeme hupita kwanza katika koili ya waya inayouzuia kidogo. Koili hiyo hupata moto, kwa hiyo mara nyingi huwekwa penye upepo wa feni. Basi kasi ikifanya kazi na polepole ikakataa, tazameni koili kwanza, msikimbilie kununua mota. Zote mbili zikikataa, anzeni na fyuzi, kisha skrubu ya waya nyeusi, kwa sababu kutu hukata njia. (Joto lenyewe ni la maji ya injini. Fungeni koki yake, feni italeta hewa tu.)

Mota ya gari lile bushi zake zilikuwa zimekauka, haizunguki. Mota iliyokwama huvuta umeme mwingi kupita kiasi, na hapo ndipo fyuzi hutakiwa kuungua. Lakini fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Haikuweza kukata, zikaungua waya.

Nani aliiweka? Tuliomba kitabu cha gari. Dereva alikuwa ameandika mara tatu kwamba feni inalia na fyuzi inaungua. Mara tatu alijibiwa, kwa mwandiko wa stoo: fyuzi hakuna, tumia hivyo hivyo.

Mkubwa alisoma kimya. Mshahara uliokwisha kukatwa, wa mwezi mmoja, ulirudishwa. Ile barua ya uzembe bado imo katika faili la dereva, nasi tumeandika kudai iondolewe.