Nyanya huoza, medali haiozi

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya, akishaupanda mlima Kitonga, hufika Ilula, mji mdogo wa wilaya ya Kilolo. Kando ya barabara kuu ataona matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu yakingoja lori. Mkulima wa pale huweka alama yake kwenye tenga, hulipakia, kisha humwachia dalali wa sokoni Dar es Salaam kazi ya kutafuta mnunuzi. Mali inaondoka leo, fedha zinakuja baadaye. Wafanyabiashara huuita utaratibu wa namna hii mali kauli, na mtu wa Ilula hahitaji kufundishwa hatari zake. Anajua kwamba lori likishaondoka, bei haimo tena mikononi mwake.

Leo ningependa tuzungumzie mali kauli ya aina nyingine, ambayo wengi wetu hatuifahamu. Nayo ni ile ya kuikabidhi nyumba ya mnada medali, jezi, viatu, namba ya kifuani au kombe la mwanamichezo, ili iuzwe kwa niaba ya mwenyewe au ya familia yake.

Pengine mtauliza, jambo hilo linatuhusu nini? Linatuhusu sana. Nchi yetu ina medali mbili tu za Michezo ya Olimpiki. Zote ni za fedha na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hizo zinajulikana. Lakini wapo wengine walioiwakilisha nchi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola na mashindano ya Afrika. Wapo waliochezea Tukuyu Stars ya Mbeya ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986. Wapo waliovaa jezi ya Lipuli ya Iringa ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Wapo wazee wa timu za majeshi, za viwanda na za shule. Vitu vyao viko wapi? Vingi vimo ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda. Vingine vimekwisha geuka matambara ya kudekia.

Tuseme basi kwamba siku moja mgeni anabisha hodi katika nyumba moja pale Ilula. Mzee mwenye nyumba, aliyekuwa mkimbiaji, amekwisha fariki. Mgeni amesikia habari ya medali. Ana fedha taslimu mfukoni, ana maneno matamu, na anasema gari linamngoja barabarani. Mjane ana ada ya shule ya kulipa. Fedha zinahesabiwa mezani, medali inaondoka, na hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya medali na nyanya. Mwenye nyanya hana budi kukubali bei ya leo, kwa sababu kesho zitakuwa zimepondeka. Mwenye medali hana haraka hiyo. Medali haiozi. Inaweza kukaa mwaka mzima wakati familia inauliza, inaandika barua na kulinganisha bei. Kwa hiyo mtu anayekuja na haraka amekuja na haraka yake mwenyewe. Akifaulu kukuambukiza, amekunyang'anya silaha pekee uliyokuwa nayo.

Sasa tujiulize, bei ya kitu kama hicho hutoka wapi? Wengi hufikiri inatoka katika dhahabu au fedha iliyomo. Sivyo. Mwaka 2013 medali moja kati ya nne za dhahabu ambazo Jesse Owens wa Marekani alizipata Berlin mwaka 1936 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1 na laki 4. Ukiiyeyusha, madini yake hayafiki hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni habari yake. Owens mwenyewe alimpa medali hiyo rafiki yake, mchezaji dansi Bill Robinson, na ikabaki katika familia ya Robinson. Njia iliyopita, kutoka mkono hadi mkono, ilijulikana.

Mfano mwingine ni wa jezi. Juni 22, 1986, Argentina iliifunga Uingereza mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia kule Mexico. Mabao yote mawili yalifungwa na Diego Maradona, moja kwa mkono. Baada ya kipenga cha mwisho, mchezaji wa Uingereza, Steve Hodge, alibadilishana naye jezi. Hodge aliitunza, kisha akaiazima makumbusho ya mpira ya nchi yake kwa takriban miaka 20. Ilipopelekwa katika nyumba ya mnada ya Sotheby's mwaka 2022, binti wa Maradona alidai kwamba jezi hiyo siyo ile ya kipindi cha pili. Nyumba ya mnada ikajibu kwa ushahidi: wataalamu walikuwa wamelinganisha picha za siku ile na jezi yenyewe, wakitazama nembo, mistari na namba ya mgongoni. Jezi ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 7. Bila picha zile ingekuwa shati la buluu tu.

Hata hapa Afrika tunayo mifano. Mkanda wa ubingwa ambao Muhammad Ali aliupata kwa kumpiga George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974, uliuzwa Marekani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 6.

Hata hivyo tusidanganyane. Hizo ni bei za majina yanayojulikana dunia nzima. Jezi ya timu ya mkoa haitaleta mamilioni London, na huenda nauli ya kuisafirisha ikazidi bei yake. Lakini thamani haifuati ushindi peke yake. John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, mguu ukiwa umefungwa bendeji, na dunia inamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia siku ile. Kwa hiyo kabla ya kusema kitu hiki ni cha bure, au kitu hiki ni utajiri, kwanza tukijue.

Namna ya kukijua ni rahisi, na haina gharama kubwa. Chukua daftari. Andika ni kitu gani, kilivaliwa au kilitolewa lini, wapi, katika mashindano gani, na kilifikaje mikononi mwenu. Kama mwanamichezo yu hai, mwandike maneno yake, aweke sahihi na tarehe. Tafuta picha inayomwonyesha akiwa nacho. Tafuta gazeti la wiki ile maktabani. Kisha kiache kama kilivyo. Usiing'arishe medali kwa majivu, wala usiifue jezi kwa sabuni. Lile doa la tope mnaloliona kuwa uchafu linaweza kuwa ndilo linaloonekana katika picha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari ni nusu ya mali yenyewe.

Sasa tuingie katika mnada. Neno hili kwetu halina sifa njema. Tukisikia nyumba ya fulani imepigwa mnada, tunajua ameshindwa kulipa mkopo. Mnada tunaouzungumzia hapa ni wa hiari. Nyumba ya mnada hainunui kitu chako. Ni wakala wako, kama dalali wa nyanya. Kitu kinabaki chako mpaka nyundo igonge. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, iliyorithiwa kutoka Uingereza, inasema hivyo hivyo: mauzo hukamilika nyundo inapogonga, na kabla ya hapo mnunuzi anaweza kuondoa bei aliyoitaja. Sheria hiyo pia haimruhusu muuzaji kujificha na kupandisha bei ya mali yake mwenyewe, isipokuwa kama alitangaza haki hiyo mapema. Usimtume mpwa wako akae nyuma ya ukumbi na kunyoosha mkono.

Nyumba ya mnada hula pande zote mbili. Kwa muuzaji hukata kamisheni. Kwa mnunuzi huongeza ada juu ya bei ya nyundo. Mwaka 2010 Nobby Stiles, aliyekuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, aliuza medali yake. Magazeti yaliandika pauni 188,200, ambazo ndizo alizolipa mnunuzi, klabu ya Manchester United. Lakini nyundo iligonga kwenye pauni 160,000. Zile 28,200 zilikuwa ada na kodi yake, na hazikuwa za Stiles.

Tufanye hesabu ya mfano kwa shilingi. Nyundo ikigonga kwenye milioni 10, na ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, mnunuzi atalipa milioni 12 na nusu. Kama kamisheni ya muuzaji ni asilimia 15, wewe utapata milioni 8 na nusu, na nyumba ya mnada itabaki na milioni 4. Kisha wanaweza kukata gharama za picha, bima na usafirishaji. Si wizi, ni biashara. Lakini ni vizuri kuijua hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi kuliko kuisoma kwenye hundi.

Kwa hiyo mkataba usomwe mstari kwa mstari, na kama Kiingereza chake ni kigumu, asomewe mtu. Kuna mambo sita ya kuuliza. Kwanza, kamisheni ni asilimia ngapi, na je, inapungua? Mara nyingi hujadiliwa. Pili, bei ya chini ni ipi, yaani ile ambayo chini yake kitu hakiuzwi? Hiyo iandikwe. Tatu, nani analipa bima tangu kitu kinapotoka nyumbani, na kimekadiriwa kwa kiasi gani? Nne, kisipouzwa, nani analipa gharama za kukirudisha? Tano, fedha zitalipwa baada ya siku ngapi, kwa sarafu gani, na kwa akaunti ya nani? Sita, nikibadili nia kabla ya mnada natozwa nini?

Na kabla ya mkataba wowote, peleka picha, usipeleke kitu. Nyumba za mnada zenye heshima hutoa makadirio ya kwanza kwa kuangalia picha na maelezo. Waandikie wawili au watatu. Wakikubali, uliza forodha taratibu za kukitoa nchini, na udai stakabadhi yenye maelezo kamili ya kitu siku kinapoondoka.

Lipo jambo ambalo wageni hawatalitaja, nalo ni la mirathi. Medali ya marehemu si ya mtoto aliyebaki nyumbani na funguo za sanduku. Ni sehemu ya mali ya marehemu, na anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, baada ya kikao cha ukoo chenye muhtasari. Familia nyingi hufanya hivyo kwa shamba na nyumba, lakini husahau kuandika kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Asiye na haki ya kuuza hawezi kumpa mnunuzi haki hiyo. Nyumba ya mnada itauliza, na ndugu aliyeko Mbeya ambaye hakushirikishwa atakuja kuuliza pia.

Mwisho, kuuza si njia pekee. Hodge aliiazima makumbusho jezi yake kwa takriban miaka 20, ikabaki mali yake, ikalindwa, na ushahidi wake ukaimarika. Mwenye kitu cha historia katika mkoa wa Iringa anaweza kuwauliza watu wa Boma la Iringa, jengo la zamani la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Hata kuazima kuwe na karatasi: nani mwenye mali, kwa muda gani, na kitarudi kwa masharti gani. Na familia inayoamua kutokuuza kabisa, ikakitundika kitu ukutani ili wajukuu wajue babu alikuwa nani, nayo haijapoteza kitu.

Simlaumu mjane aliyeuza kwa sababu ya ada ya shule. Shida haina subira. Lakini watoto wake wanaofanya kazi mijini, ambao pengine ndio mnaonisikiliza sasa, mnaweza kumpunguzia haraka hiyo. Mkienda nyumbani likizo, fungueni lile sanduku la bati pamoja na wazee. Ulizeni, andikeni, pigeni picha. Ili siku mgeni atakapobisha hodi, akaribishwe, apewe maji ya kunywa, na aambiwe kwa adabu kwamba gari lake linaweza kwenda.