Sahani hairudi tupu Nyanza-Lac

Samaki ni yule yule na ziwa ni lile lile, lakini jina hubadilika kila unapovuka mpaka. Nyanza-Lac ni ndagala. Kigoma ni dagaa. Upande wa Congo utasikia ndakala, na ukishuka hadi Mpulungu, Zambia, wateja watakuuliza kapenta. Hata yule samaki mkubwa kidogo ambaye Warundi humwita mukeke, ukimfikisha Kigoma anageuka mgebuka.

Mfanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika huyajua majina haya kwa sababu ya biashara. Kinachosahaulika ni kwamba kabla samaki huyo hajawa mzigo wa kuvusha, alikuwa kitoweo cha nyumbani kilichopitishwa kwa jirani. Huku kusini mwa Burundi, kupitishiana chakula kuna historia nzito kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 1972, machafuko na mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili yaliupiga vibaya mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac. Maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na wengi wakapelekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Huko walifyeka misitu, wakalima, wakazaa na kulea. Baadaye Tanzania iliwapa nafasi ya kuchagua: zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa nchi hiyo, na maelfu wengine walianza kurudi Burundi kuanzia mwaka 2008.

Waliorudi walikuta mambo mawili. La kwanza, watoto wao walizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kirundi, na Kifaransa cha shuleni kiliwatoa jasho. La pili, lililo zito zaidi, mashamba ya wazazi wao yalikuwa yanalimwa na wengine, baadhi yao wakiwa wamekaa hapo kwa zaidi ya miaka 30. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza mashauri mengi ya aina hiyo. Baadhi yalimalizika kwa kugawana shamba: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekuwepo.

Kugawana shamba kwenye karatasi ni jambo moja. Kuishi mkitumia njia moja na kisima kimoja, huku michikichi iliyopandwa na mmoja ikiwa imebaki upande wa mwingine, ni jambo jingine. Hakuna sahani ya chakula inayofuta shauri la ardhi. Lakini jirani unayekula naye, hata shauri likiwepo, unaweza kulizungumza naye bila panga mkononi. Warundi wana neno lake: gusangira, yaani kula na kunywa pamoja. Waswahili nao wana desturi yao: sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Ndivyo vyungu vya mwambao vilivyochanganyika. Waliokuwepo walikuwa na ubugali wa muhogo, isombe la mawese, maharage yaliyopikwa na ndizi, na ndagala wa kukaanga. Waliotoka Tanzania walirudi na mazoea ya ugali wa mahindi, chapati, pilau na chai ya viungo. Leo katika mji huu si ajabu kukuta chapati zikiliwa na maharage ya mawese, au mandazi ya asubuhi yakisindikizwa na ndagala wakavu wa kutafuna, na asiulize mtu chakula hicho ni cha nani.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Katika visiwa vya Hawaii, mashamba ya miwa yaliajiri vibarua kutoka China, Ureno, Korea na Ufilipino, na kuanzia mwaka 1885 Wajapani walifika kwa wingi. Kila kundi lilikuja na lugha yake na chakula chake, na chakula cha mchana kililiwa shambani. Watu wakaonjana vyakula. Kutokana na mchanganyiko huo kuna sahani ya wali, saladi ya makaroni na nyama ambayo sasa ndiyo mlo wa kawaida wa visiwa hivyo. Kuna musubi pia: tonge la wali la Kijapani lililowekewa kipande cha nyama ya kopo aina ya Spam na kufungwa kwa utepe wa mwani, ingawa si mwani wa aina ile inayolimwa Zanzibar. Kuna malasada ya Wareno, ambayo Mswahili akiyaona atasema ni ndugu wa mandazi. Vitafunio vilivyoanza kama chakula cha vibarua leo vinauzwa hadi madukani na vituo vya mafuta.

Funzo kwa mfanyabiashara wa mpakani ni hili: ladha ikishachanganyika nyumbani, soko limeshazaliwa. Mtu aliyekulia Katumba na kurudi Nyanza-Lac anataka unga wa mahindi na viungo vya pilau. Ndugu yake aliyebaki Tanzania na kuchukua uraia bado anatamani mawese ya Rumonge na ndagala wa Nyanza-Lac. Ukoo mmoja, pande mbili za mpaka, na katikati yao yupo wewe na mzigo wako.

Mzigo huo una njia yake halali. Chini ya Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye asili ya nchi mwanachama na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine za ndani na vibali vya afya vya samaki na vyakula vinaweza kudaiwa, kwa hiyo uliza kabla ya kupakia. Anayepita njia za panya kwa kukwepa karatasi moja hujiweka katika hatari ya kupoteza mzigo wote.

Ubora nao ni pesa. Ndagala wanaoanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga, na mvua ikinyesha huoza. Kwenye mwambao wa Burundi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kueneza vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini. Samaki waliokuwa wakichukua siku tatu kukauka wakawa wanakauka kwa muda wa saa nane hivi, wakiwa safi. Mnunuzi wa Kigoma akitafuna mmoja tu bila kusikia mchanga, bei inazungumzika.

Halafu kuna kalenda ya ziwa. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaliane, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi hicho huumiza mifuko ya wavuvi, na jikoni kitoweo huadimika. Lakini bila mapumziko hayo, watoto wetu watabaki na majina manne ya samaki asiyekuwepo. Mwenye akili huweka akiba ya ndagala waliokauka vizuri kabla ya Mei, na mtaji mwingine huuzungusha kwenye mawese, unga wa muhogo na mchele.

Akiba hiyo isiwe ya kuuza tu. Pakiti moja ibaki kwa jirani na nyingine kwa mama anayekuhifadhia mzigo ng'ambo. Mpaka unaweza kufungwa na bei inaweza kuanguka, na siku hiyo watakaokupokea ni wale uliowahi kula nao.