Mwili si cheti: vile tunawahukumu watu kwa uzito, kwetu Masisi na Walikale

Lisanse yangu ni ya kilimo, na wengi mumezoea nikiandika juu ya viazi na maharagi. Leo nataka tuongelee kitu kingine tunachokifanya kila siku: kumuangalia mutu, kupima mwili wake kwa macho, kisha kutoa hukumu.

Kule Ulaya na Marekani, wanaoteseka sana kwa hukumu hiyo ni wanene. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida Nature Medicine. Walisema kumudharau mutu juu ya unene hakumupunguzi uzito. Kunamuongezea huzuni na kunamufanya aogope kwenda kwa muganga. Kwetu hukumu iko na pande mbili: mwembamba anashukiwa, na munene anasifiwa leo, kesho anasemwa.

Kukonda

Rudi nyumbani Nyabiondo kisha masomo ya Goma, umepungua kilo chache. Salamu haijaisha, unasikia: «Weye, uko na nini? Ulikonda ivi!» Wote wanajua nini iko nyuma ya swali hilo. Ni sida. Woga huo uko na historia. Mwaka 1985 waganga waliandika katika jarida The Lancet juu ya ugonjwa mupya huko Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita «slim», ni kusema mwembamba. Tangu miaka ile, mwili uliokonda ukawa sawa tangazo. Leo mutu anayemeza dawa za sida vizuri anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, na yule aliyekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, minyoo, mawazo, ao njaa tu. Lakini watu wanaacha kukunywa naye kwenye kikombe kimoja. Na yeye, juu ya kuogopa maneno, anachelewa kwenda kupimwa.

Kunona

Mwenye kunona anaitwa «boss». Inaonekana sifa, lakini iko na bei. Mama mwenye mwili mukubwa akikimbia vita, akijipanga kwenye foleni ya musaada, anasikia: «Huyu naye njaa gani?» Sawa vile mafuta ya mwili yanaonyesha kama shamba lake halikubaki nyuma.

Tena, juu unene ni sifa, kuna wadada wanaoutafuta kwa vidonge. Kinshasa watafiti wameandika juu ya wanawake wanaomeza siproheptadini ili wanone. Kuna na deksametazoni. Ya kwanza ni dawa ya mzio, inaongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Ya pili inajaza uso, lakini inapandisha sukari na tension, inapunguza kinga ya mwili na kulegeza mifupa. Mutu aliyeimeza muda murefu akiiacha gafla anaweza kuanguka vibaya. Anapaswa kuiacha akifuatwa na muganga. Dada zetu hawaitafuti juu ya ujinga. Wanaitafuta juu sisi tuliwaambia: «Unakuwa sawa fito.»

Bwaki

Hapa njo macho yanatudanganya zaidi. Ugonjwa ambao Kivu tunauita bwaki, waganga wanauita kwashiorkor. Neno hilo la luga ya Ga, huko Ghana, liliandikwa na muganga Cicely Williams mwaka 1935: ugonjwa wa mutoto wakati mudogo wake anakuja. Mutoto wa bwaki anavimba miguu na uso. Anaonekana mviringo, na jirani anasema: «Ona vile alinona!» Kumbe ni maji. Nywele zinageuka rangi na kunyofoka, ngozi inabanduka, mutoto hacheki tena.

Akianza dawa, maji yanatoka na uzito unashuka kwanza. Hapo jirani yule yule anasema muganga anamumaliza mutoto, na kuna mama anayetoroka na mutoto wake. Wengine hawafiki kabisa kwenye kituo, juu bwaki iko na haya: eti mama alibeba mimba mbio sana, eti ni muvivu. Hakuna anayesema kama shamba lilibaki nyuma ya mustari wa vita, kama ngombe waliibwa, kama barabara ya Sake ilifungwa, ao kama mwaka 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre. Haya inamuangukia mama, na mutoto njo anailipa.

Ndani ya kichwa

Mutu anayechekwa juu ya mwili anaanza kula peke yake. Anaacha mupira, hanyooshi mukono darasani, anajichukia. Mwili wenye mashaka ya kila siku unatoa homoni ya kortizoli, ambayo inaharibu usingizi na hamu ya kula. Wengine wanakula zaidi, wengine wanaacha kula. Ni kusema, kicheko chetu kinaongeza kile tunachokicheka. Na hapa kwetu kinamukuta mutu aliyekwisha kubeba kilio cha vita.

Tufanye nini?

Katika kilimo tunajua: kiazi chenye majani mengi sana kinaweza kuwa na mizizi midogo, juu kilipewa azoti kupita kipimo. Hatusemi mavuno kwa kuangalia majani. Tunachimba, tunapima. Kwa mutoto wa miezi 6 mpaka 59 kuna kamba ya kupima mukono: chini ya milimita 115 ni nyekundu, hali ni mbaya; kutoka 115 mpaka chini ya 125 ni njano. Lakini kamba haitoshi. Finya miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde tatu. Shimo likibaki, mupeleke kituo cha afya siku ile ile, hata kamba ikiwa kijani.

Kwa mukubwa, kipimo cha kwanza ni swali. Badala ya «ulikonda» ao «ulinona», muulize: «Unaendelea aje siku hizi?» Kisha umupe nafasi ya kujibu.

Ninyi munaorudi likizo Mweso, Pinga ao Mubi: musikilize salamu za kwenu, kisha mutuandikie hapa chini. Ni neno gani juu ya mwili munalisikia zaidi, na linamuumiza nani?