The Sims 4 na Wakubwa Zake: Ipi Inayajua Mapenzi?

Hivi karibuni mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 17, aliniita chumbani kwake huku akicheka. "Mamdogo, njoo uone! Mume kafumaniwa sebuleni, na mkewe keshatulia!"

Alikuwa anacheza The Sims 4 kwenye kompyuta. Mke alikasirika, akalia, akafoka. Kisha binti akamwamuru mume aombe msamaha, apige stori, atoe na mzaha kidogo. Haikupita muda, watu wamekumbatiana kama jana hakukutokea kitu.

Nilicheka na mimi, bwana. Lakini usiku nilikosa usingizi. Msomaji wangu, mimi niliwahi kuambiwa na mtu niliyempenda, "Si nimeshaomba msamaha? Yaishe!" Na hazikuwa zimepita hata siku mbili. Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye The Sims 2 niliyocheza zamani, fumanizi halikuwa linaisha kirahisi namna hii.

KWA WASIOIJUA

The Sims si gemu la bunduki. Unatengeneza watu, unawajengea nyumba, unawatafutia kazi, halafu wanapika, wanatongozana, wanaoana na kugombana. Lugha yao ni Simlish, ya kubuni tu, lakini ugomvi wao utauelewa bila mkalimani! Aliyelibuni ni Mmarekani Will Wright wa kampuni ya Maxis. Nyumba yake iliteketea kwenye moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991, na kule kuanza upya kununua kila kitu ndiko kulikompa wazo.

YA KWANZA: PENZI LISILOZEEKA

Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000. Mwanzoni uhusiano ulikuwa na alama moja tu: ikipanda mnapendana, ikishuka mnachukiana. Watu wazima hawazeeki, na mtoto hakui akawa mtu mzima. Ukifunga ndoa leo, ukirudi mwakani bibi harusi ni yuleyule, hana hata mvi moja. Tamu, lakini nani ana ndoa ya hivyo?

YA PILI: PENZI LENYE KUMBUKUMBU

Mwaka 2004 ikaja The Sims 2, na hapo mambo yakawa mambo. Watu wanazaliwa, wanabalehe, wanazeeka, wanakufa. Mtoto anachukua pua ya baba na macho ya mama. Kila mtu ana anachokitamani na anachokiogopa: mpenda familia anataka mtoto, na yule mpenda mahaba anaogopa kuoa kama watu wanavyoogopa simba. Unawajua hao, eh?

Uhusiano nao ulikuwa na vipimo viwili. Kimoja cha kila siku, kinachopanda na kushuka haraka. Cha pili cha kudumu, kinachokwenda taratibu. Leo unaweza kuchangamkiwa kwa kijizawadi, lakini penzi la kweli linasubiri kile cha pili. Zaidi ya hapo, kila tukio kubwa linaandikwa kwenye kumbukumbu za mhusika: busu la kwanza, harusi, msiba, na fumanizi. Unaweza kusamehewa, lakini kumbukumbu inabaki palepale.

Halafu kulikuwa na umbea! Bella Goth, mke wa Mortimer tuliyemzoea tangu toleo la kwanza, ametoweka. Mumewe kazeeka, na binti yao Cassandra kachumbiwa na Don Lothario, mwanamume asiyetulia. Tuliumiza vichwa kweli.

YA TATU NA YA NNE

The Sims 3 ya mwaka 2009 ilifungua mji mzima. Unatoka kwako unakwenda kwa jirani bila kusubiri kompyuta ipakie. Hadithi ilirudishwa nyuma, Bella na Mortimer wakiwa bado watoto.

The Sims 4 ilitoka mwaka 2014, na mashabiki walinuna. Mabwawa ya kuogelea hayakuwepo, watoto wadogo wanaojifunza kutembea hawakuwepo, na ule mji wazi ukarudi kuwa vipande vipande. Mabwawa yalirudi mwaka huohuo, watoto wakasubiri hadi 2017.

Lakini tusimwonee mdogo mtu. Hili ndilo toleo lenye hisia nyingi usoni: mtu ana hasira, aibu, furaha, hamu ya mapenzi, na vyote vinabadili anachoweza kufanya. Mtu anaweza hata kufa kwa kucheka, kwa hasira au kwa aibu! Pia limetenganisha kipimo cha urafiki na kipimo cha mahaba, na hapo nawavulia kofia. Wangapi wanawaka moto kitandani lakini hawana la kuongea mezani?

Tatizo ni kwamba hisia hizo zina saa. Muda ukiisha, hasira imekwenda. Mwaka 2020 walileta hisia za kudumu zaidi, kama kinyongo cha kuumizwa, ila zilikuja na nyongeza ya Snowy Escape, ambayo inauzwa.

UCHEZE IPI?

Kama unaanza, The Sims 4 ya msingi ni bure tangu Oktoba 2022, na kwa sura na kujenga nyumba ni bomba. Ila kwa mambo ya moyo, kwangu mimi The Sims 2 bado ndiyo mama yao. Bahati nzuri, Januari 2025 ile ya kwanza na ya pili zilitolewa upya kwa ajili ya kompyuta za sasa.

Binti nimemwekea. Juzi kanifuata jikoni kanuna. "Mamdogo, huyu mke wa huku hasahau!"

Nikamwambia, "Hasahau, mwanangu. Ila akisamehe, ujue kasamehe akiwa anakumbuka."

Na wewe msomaji, ukiombwa yaishe leo, usikubali saa ya mwenzako ikupangie. Kazi kwako!