Peni za Henry Zisizo za Henry

Chukua peni yoyote ya fedha iliyopigwa Uingereza kati ya 1180 na 1247, utasoma kuzunguka sura ya mfalme: HENRICVS REX. Usiharakishe kuamini. Henry wa Pili alifariki 1189, wakatawala wanawe Richard na John, kisha mjukuu wake Henry wa Tatu, na jina kwenye peni halikubadilishwa. Richard, pamoja na sifa zake zote za vita, hana hata peni moja ya Uingereza yenye jina lake. John anasomeka kwenye sarafu zake za Ireland tu.

Mjuzi basi hutazama nywele. Peni za mwanzo zina vishungi viwili upande wa kushoto wa sura na vitano kulia. Kadiri miaka ilivyopita uchongaji ulidorora, hadi John alipoamuru mwaka 1205 fedha zifuliwe upya, na sura ikarudi kuwa nadhifu. Wakusanyaji wamezipanga peni hizi katika madaraja manane, na ndani yake mna matawi ambayo pengine hutofautishwa na umbo la X katika neno REX. Ni kazi ya kuumiza macho, lakini ndiyo raha yenyewe.

Kila peni ilipigwa kwa mkono: kipande cha fedha kati ya mihuri miwili ya chuma, wa chini umekitwa kwenye gogo, nyundo ikashuka juu ya wa pili. Nyuma kuna msalaba mfupi, jina la mfuaji na mji wake, mfano WILLELM ON LVNDE. Jina hilo lilikuwa dhamana. Fedha ikichakachuliwa, mwenye jina hakuwa na pa kujificha. Krismasi ya 1124, enzi za Henry wa Kwanza, wafuaji waliitwa Winchester wakakatwa mikono ya kulia. Leo jina la mji kwenye peni ndilo hupandisha bei: za London na Canterbury zimejaa sokoni, za Lichfield ni adimu mno.

Watu walikata peni nusu au robo kwa kufuata msalaba ili wapate chenji. Wezi nao walikwangua kingo, ndiyo maana mwaka 1247 msalaba ulirefushwa hadi ukingoni.

Peni nzima ina gramu 1.4 hivi. Ukiuziwa nyepesi zaidi, kagua ukingo kabla ya kutoa pesa, na ukishainunua usiisugue ing'ae: utaishusha thamani.