Postidoki si diploma ingine, ni kazi

Karibu kila wiki kijana ananitumia tangazo na kuuliza: "Kaka, hii bursa ya postidoki, naweza kuomba na lisansi yangu?" Jibu ni hapana. Lakini tuelezane vizuri, maana kuna watu wanakula pesa za vijana juu ya hili neno.

Kwa mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta 2, kisha doktora. Postidoki inakuja nyuma ya doktora. Haina darasa wala mtihani, na haikupi cheo kipya. Ni kazi ya utafiti yenye kontra, mara nyingi ya mwaka 1 mpaka 3: unalipwa mshahara, unachapisha makala, huku unatafuta nafasi ya kudumu. Kwetu Kongo wengi hawaifahamu kwa sababu ngazi zetu ni zingine: asista, shefu wa travo, halafu ukipata doktora unaweza kupanda kuwa profesa asosiye.

Sasa huyo mtu anafanya nini kila siku? Tuangalie ziwa letu Tanganyika. Kina chake kinapita mita 1,400, na mbolea ya maji imelala kule chini. Upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi njo unakoroga maji na kuipandisha juu. Vijimea vidogo vinaota, vidudu vya majini vinavila, ndakala wanakula vile vidudu, na mukeke anakula ndakala. Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba joto la dunia limepunguza ule mkorogo. Uzalishaji wa ziwa ulishuka kwa karibu 20%, na wakakadiria samaki wanaovuliwa wangepungua kwa karibu 30%. Waandishi walikuwa watano, na hakuna Mkongo hata mmoja. Mimi hilo linaniuma, juu wavuvi wetu njo wanarudi na nyavu tupu, na Uvira kuna kituo cha utafiti wa haidrobiolojia tangu zamani.

Basi postidoki ingekuwa hivi: mwenye doktora, mtoto wa huku anayejua majira ya ziwa, anakwenda miaka 2 kwenye maabara yenye vyombo ambavyo hapa hatuna, na swali lake mkononi. Kwa madini, malaria ao historia ni vilevile.

Njia ni mbili. Maabara inatangaza nafasi, ao wewe unaleta mradi wako. Mfano wa pili ni Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya. Mkongo anaruhusiwa, ila awe na doktora, na asiwe ameishi ao kufanya kazi katika nchi anayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Unamwandikia kwanza profesa wa huko, mnakubaliana, mnaandika mradi pamoja. Hapo njo kazi kubwa ilipo, inachukua miezi. Kuomba ni bure. Anayekudai "pesa ya dosie" kupitia simu ni mwizi, hata akiwa na kofia ya unifa kwenye picha.

Aliye mwaka wa mwisho, muulize promota wako kama memwari yako inaweza kukatwa ikawa makala fupi, hata kwa Kifaransa. Na Kiingereza anza sasa, maabara nyingi zinakuhoji kwa hicho.