ILE 'S' ILININYIMA KAZI KIBONDO!

Cheka msomaji wangu, cheka tu, lakini mwisho utanielewa. Herufi moja ya Kiingereza iliwahi kunirudisha nyumbani Kasulu nimenywea kama kuku aliyenyeshewa mvua.

Ilikuwa mwaka 1997. Wakimbizi wa Burundi walishamiminika kwetu tangu mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Mashirika ya misaada yakajaa, magari meupe yakawa yanatimua vumbi jekundu kutwa. Sisi vijana tuliomaliza kidato cha nne tukawa na ndoto moja: kupata kazi huko. Sharti? Uwe unamwaga ung'eng'e!

Nikasikia shirika moja huko Kibondo linatafuta karani wa stoo. Mama akauza mbuzi wake wa pekee nipate nauli. Nikaazima shati la kaka, nikadandia lori, huyooo! Nilishuka Kibondo mwekundu kama tofali.

Usaili wenyewe ulionekana mteremko. Tulipewa orodha ya vitu kwa Kiswahili, tuiandike kwa Kiingereza: mahindi, mafuta, visu, masanduku, vifaa, mizigo, taarifa. Mimi nilichojua ni kwamba wingi wa Kizungu ni kubandika 's' basi. Nikaibandika kila mahali kama stempu: "maizes", "oils", "knifes", "boxs", "equipments", "luggages", "informations". Nikatoka natabasamu, mshahara nimeshautumia wote kichwani.

Majina yalipobandikwa ukutani, langu halikuwepo. Niliisoma ile karatasi mara tatu, juu mpaka chini. Wee acha tu! Nilikuwa namfikiria yule mbuzi.

Niliporudi Kasulu nikapita kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenywea hivyo?"

Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema: "Kwetu wingi unakaa kichwani. Kwa Mwingereza unakaa mkiani."

Kweli bwana! Muha mmoja, Waha wengi. Kisu, visu. Mti, miti. Kiha chetu nacho kinageuza neno mwanzoni. Mwingereza kichwa hakigusi, anachezea mkia, na mkia wenyewe una masharti yake.

Neno likiishia na mlio wa 's', 'x', 'sh' au 'ch', 's' peke yake haitamkiki, kwa hiyo unaweka 'es': "box" inakuwa "boxes". Likiishia na 'y' yenye konsonanti mbele yake, 'y' inaondoka: "city", "cities". Lakini "boy" inabaki "boys", maana kabla ya 'y' kuna vokali. "Knife" inakuwa "knives", ila "roof" ni "roofs", hapo ni kukariri tu.

Na wale wakorofi je? "Foot" inakuwa "feet", "man" inakuwa "men", "ox" inakuwa "oxen". Mwalimu akanieleza kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na njia nyingi za kuunda wingi. Baadaye 's' ikazishinda karibu zote, haya yaliyobaki ni masalia. "Children" ndiyo kichekesho kabisa: zamani wingi wake ulikuwa "childer", watu wakaongeza tena 'n' ya wingi juu ya wingi!

Lakini kilichonimaliza mimi hakikuwa mkia. Kwetu mafuta yanamwagika, maji yanachemka, maziwa yanaganda. Yote tunayasema kwa wingi. Kwa Mwingereza "oil", "water" na "milk" havihesabiki, vinapimwa. Mahindi vilevile: "maize" haina 's', unahesabu magunia. Na "equipment", "luggage", "information" hata ukijaza stoo nzima, 's' haiingii. Ukitaka kuhesabu, sema vipande: "two pieces of luggage". Mimi nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Kasheshe!

Ila usione haya, msomaji. Sisi nasi tumewafanyia hivyohivyo. Waingereza walileta kibao cha "keep left", tukasikia 'ki' mwanzoni, tukafanya kipilefti kimoja, vipilefti viwili! "Mudguard" tukaisikia madigadi, tukakata 'ma', tukapata digadi moja. Na soksi? Ile 's' ya wingi tuliimeza hukohuko, leo tunasema soksi moja bila wasiwasi. Kila lugha inahesabu kwa akili yake. Mgeni wa lugha hana budi kujifunza hesabu ya mwenyeji, kama vile mwenyeji angetoka jasho kwenye ngeli zetu.

Nilikaa na yule mzee miezi kadhaa, kila jioni, daftari mkononi. Mwaka uliofuata nikarudi Kibondo kwenye usaili wa shirika jingine. Orodha ikaja, safari hii nikaandika "maize", "oil", "knives", "boxes", "equipment". Jina langu likabandikwa.

Mshahara wa kwanza nikampelekea mama mbuzi. Siyo mmoja, wawili. "Two goats", na hapo 's' inaruhusiwa!